Flashi ishuke kichwani mwa kamera: triga ya redio kwa wapiga picha wa Kindu

Picha nyingi za harusi zinazopigwa Kindu zina kasoro moja, na chanzo chake kimekaa juu ya kamera. Flashi inamtazama bibi arusi moja kwa moja usoni: paji linang'aa jasho, pua haina kivuli, suti nyeusi ya bwana arusi imemezwa na giza la ukumbi, na nyuma yao ukutani wamesimama watu wawili weusi wa kivuli ambao hakuna aliyewaalika. Mteja hajui kosa liko wapi, lakini analiona. "Yaya, mbona uso iko inaangaza hivi?" Mpiga picha naye anaanza kuota kamera ya bei kubwa, ambayo itampa picha ileile ikiwa na pikseli nyingi zaidi.

Dawa ni kuishusha flashi, kuiweka pembeni juu ya stendi, na kuifyatua kwa redio. Niseme msimamo wangu mapema ili asiyekubaliana nao asipoteze muda: kwa mji kama Kindu, flashi moja ya kupangwa kwa mkono, triga moja, stendi moja na mwavuli mweupe vinatosha kwa harusi, ubatizo, mahafali na picha za familia. Usinunue flashi ya pili kabla ya kuijua ya kwanza. Pesa iliyobaki inunue betri.

Simaanishi kwamba flashi ya usoni ni dhambi. Jean Depara aliufanya usiku wa Kinshasa wa miaka ya 1950 na 1960 ung'ae kwa flashi, na picha zake leo zinaning'inia kwenye majumba ya sanaa Ulaya. Lakini Depara alikuwa akipiga vijana wa baa waliotaka kuonekana hivyo. Mama mzazi wa bibi arusi anataka kitu kingine.

Redio inafanya nini

Ukibonyeza kitufe cha kupiga, kamera huunganisha saketi ndogo kati ya chuma cha mviringo kilicho katikati ya reli ya flashi na kingo za reli hiyo. Zamani waya ndio uliopeleka habari hiyo kwenye flashi, na watu walijikwaa juu yake. Triga ya redio inachomekwa kwenye reli, inaigeuza habari hiyo kuwa mawimbi, na kipokezi kilicho chini ya flashi, au ndani yake, kinaunganisha saketi upande wa pili. Ni hayo tu. Triga ya kawaida haijui mwanga wala uso wa mtu. Inasema "sasa", basi.

Triga nyingi za leo hutumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi na Bluetooth. PocketWizard za Marekani, zilizokuwa mkononi mwa wapiga picha wengi wa magazeti, zilitumia 344 MHz kwao na 433 MHz Ulaya. Tofauti hiyo utaiona ukumbini. Mawimbi ya 2.4 GHz hunyonywa na maji, na mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Wageni wanaocheza kati yako na flashi wamekujengea ukuta. Boksi limeandikwa mita 100, lakini mita hizo zilipimwa uwanjani pasipo na mtu. Kwa hiyo pandisha stendi hadi flashi ipite vichwa vya watu. Mwanga utafika vizuri zaidi, na redio pia itaona njia.

Flashi nyingi zina pia jicho la kufyatuka zinapoona mwanga wa flashi nyingine, na kwenye kioo limeandikwa S1 au S2. Watu hulitumia kwa sababu halina gharama. S1 hufyatuka kwa mmweko wa kwanza inaouona. S2 huusubiri mmweko mkuu, baada ya ule wa kupimia. Shida ya harusini ni kwamba shangazi aliyesimama mstari wa mbele na kamera yake ndogo ataifyatua flashi yako kila akipiga, na wewe ukiihitaji itakuwa bado inajaa. Nje nako, juani, jicho hilo huwa kipofu. Redio haijali jua wala shangazi.

Kabla hujatoa pesa

Vifaa vya aina hii hufika Kindu kwa mkono wa msafiri, na kilichofika vibaya ni vigumu kukirudisha. Kagua mambo matatu kabla hujamtuma mtu.

La kwanza ni reli ya kamera yako. Itazame kwenye mwanga: je, katikati kuna chuma kikubwa cha mviringo? Canon iliondoa chuma hicho kwenye baadhi ya kamera nafuu ilizotoa 2018 na 2019, zikiwemo 4000D na 250D. Flashi au triga inayotegemea pini ya katikati peke yake haitafyatuka hapo hata uipige makofi. Kamera hizo ni nyingi mikononi mwa vijana wanaoanza kazi kwa sababu bei yake ni nzuri, na wengi hugundua habari hii wakiwa wameshanunua triga. Mwenye kamera ya namna hiyo aijaribu triga juu ya kamera yenyewe, mbele ya muuzaji, au aachane nayo.

La pili ni herufi. Triga za Godox huishia na C kwa Canon, N kwa Nikon, S kwa Sony, F kwa Fujifilm, O kwa Olympus na Panasonic. Mguu wa Sony una umbo lake na vijipini vyake; ukikosea herufi, umenunua pambo la kabati.

La tatu ni ukoo. Godox haisikilizani na Yongnuo, ingawa zote zinatumia 2.4 GHz. Flashi ya Godox TT600 ina kipokezi ndani yake na inafyatuliwa na triga kama X2T au XPro. Yongnuo YN560 IV nayo ina kipokezi ndani, na triga yake ni YN560-TX. Mwenye flashi nzee isiyo na redio anaweza kununua jozi ya Yongnuo RF-603: moja juu ya kamera, nyingine chini ya flashi. Mimi ningechagua ukoo ambao wapiga picha wenzako wa mjini tayari wanao. Siku flashi yako imekufa saa mbili kabla ya misa, utaazima ya jirani nayo itakubali.

Flashi za enzi za filamu bado zinazunguka sokoni, na baadhi huweka zaidi ya volti 200 kwenye pini yake. Ukiichomeka hiyo moja kwa moja juu ya kamera ya dijitali, unaweza kuiua kamera. Kwa redio, volti hizo zinaishia kwenye kipokezi. Angalau kitakachoungua ni cha bei ndogo.

Usilipie TTL kama pesa ni ya kubana. TTL ni ule mfumo ambao kamera hupima mmweko mdogo wa majaribio kisha yenyewe huamua nguvu ya flashi. Kamera hudhani dunia nzima ni ya kijivu. Bwana arusi mwenye suti nyeusi akisogea mbele, inaongeza nguvu. Gauni jeupe likijaza fremu, inapunguza. Picha kumi za wanandoa walewale, mwanga wa aina kumi, na usiku kucha uko kwenye kompyuta unasawazisha nyuso, tena kama umeme upo. Flashi iliyopangwa kwa mkono haibabaiki na rangi ya nguo.

Betri nazo. TT600 na YN560 hutumia betri nne za AA. Nunua za kuchaji, zile za NiMH zenye volti 1.2, seti tatu angalau. Usidanganywe na volti 1.5 za betri za dukani: flashi inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na betri hizo za alkali huchoka haraka zikivutwa hivyo, na kila baada ya picha utasubiri muda mrefu zaidi. Flashi za lithiamu kama V860 hujaa upesi na hudumu, lakini betri yake ikifa Kindu huna mahali pa kukimbilia, wakati AA zinachajiwa na chaja ndogo ya USB kwenye sola yoyote. Zichaji siku moja kabla. Foleni ya simu kwenye kibanda cha kuchaji asubuhi ya Jumamosi haitakungoja.

Jaribio la nyumbani

Weka flashi kwenye M, yaani kupangwa kwa mkono, nguvu 1/8. Iwashe upande wa redio: kwenye kioo kuna alama ya redio, na pembeni alama ya jicho, watu wengi husimama kwenye jicho wakidhani ni redio. Chagua chaneli moja kwenye triga na ileile kwenye flashi, na kundi lilelile, tuseme A. Godox ina chaneli 32 na juu yake namba ya ID ya 1 hadi 99. Chagua ID ambayo si 1, kwa sababu kila mtu anaiacha kwenye 1 au ameizima. Siku mko wawili kwenye ukumbi mmoja, mwenzako anapiga video na picha za ziada, bila ID flashi yako itafanya kazi yake.

Bonyeza kitufe cha majaribio kwenye triga. Ikiwaka, redio zinaelewana. Sasa piga kwa kamera. Ikiwa kitufe cha triga kinafanya kazi lakini kamera haiwashi kitu, tatizo liko kati ya triga na reli, au kamera iko kwenye shata ya kimya. Shata ya kielektroniki, ile isiyotoa sauti, kwenye kamera nyingi haifyatui flashi kabisa. Irudishe kwenye ya mitambo. Na kama kamera yako haina kioo cha ndani na skrini inakuwa nyeusi unapoweka mipangilio ya flashi, zima ile kazi ya skrini kuonyesha mwanga wa picha kabla ya kupiga. Kamera haijui kwamba flashi inakuja.

Kisha kasi ya shata. Shata ina mapazia mawili: la kwanza linafungua, la pili linafunga. Hadi kasi fulani, kwa kawaida 1/200 au 1/250, kuna kitambo ambacho kihisi chote kiko wazi, na hapo ndipo flashi inapowaka. Ukipita kasi hiyo, pazia la pili linaanza kushuka kabla la kwanza halijamaliza, na picha inapata utepe mweusi upande mmoja. Triga za bei ndogo zina kuchelewa kidogo kwa redio, hivyo utepe unaweza kutokea hata kwenye 1/200. Piga ukuta mweupe kwa 1/250, 1/200, 1/160 na 1/125, tazama utepe unapotea wapi, na andika kasi hiyo kwa kalamu ya wino mzito kwenye triga yenyewe. Usiivuke.

Kuna mfumo wa HSS wa kuvuka kasi hiyo, na TT600 inaukubali ikiwa mbali na kamera. Inauza nguvu nyingi ili kuupata: flashi humweka mfululizo badala ya mara moja, mwanga unapungua sana, betri zinaisha. Juani Kindu, flashi ndogo kwenye HSS kupitia mwavuli inabaki na mwanga wa kibatari. Mhamishe mtu chini ya mwembe, ni haraka zaidi.

Ukumbini usiku

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukumbi wa sherehe, au turubai lililofungwa uani, balbu chache, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta. Wengi huelekeza flashi juu ili mwanga urudi kutoka darini. Kama dari ni nyeupe na iko chini, sawa. Kama juu ni turubai la bluu, nyuso zote zitarudi na bluu ambayo hakuna programu itakayoiondoa bila kuharibu gauni.

Kuna mianga miwili katika picha moja, na kila mmoja una kitasa chake. Mwanga wa ukumbi unaufungua na kuufunga kwa kasi ya shata. Mwanga wa flashi haujali kasi ya shata, kwa sababu flashi iliyopunguzwa nguvu huwaka na kuzimika chini ya 1/1000 ya sekunde. Huo unauongoza kwa nguvu ya flashi, umbali wake, na tundu la lenzi. ISO na tundu vinagusa yote miwili. Ukilielewa hili moja, mengine yanafuata.

Anza triga ikiwa imezimwa. Weka ISO 800, f/4, 1/50, upige ukumbi. Unataka uone balbu, mapambo na sura za watu wa nyuma zikiwa hafifu lakini zipo. Kama ni giza tupu, teremka hadi 1/30 au panda ISO 1600. Kasi ya 1/50 au 1/100 ina faida nyingine: umeme wetu ni wa hezi 50, taa za LED na mirija hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kasi hizo huchukua mpepeso mzima, hivyo mistari haitokei. Jenereta iliyochoka haishiki hezi 50 sawasawa. Ukiona mistari, badili kasi kidogo kidogo hadi iishe.

Sasa washa triga. Flashi iko kwenye stendi, mwavuli mweupe mbele yake, upande wa kushoto au kulia wa wanandoa kwa pembe ya nusu mraba, juu kidogo ya vichwa vyao, mita 3. Nguvu 1/16. Piga. Uso ukiwa umeungua, shuka 1/32; ukiwa hafifu, panda 1/8. Kamera ibaki ilivyo.

Hesabu yenyewe si siri. Flashi ina namba ya mwongozo, tuseme 32 kwa mita kwenye ISO 100. Gawanya kwa umbali: 32 kwa mita 4 ni f/8, kwa nguvu yote. Ukiishusha hadi 1/16, unahitaji f/2. Ukiipandisha ISO hadi 400, unarudi f/4. Mwavuli hula stopu moja hadi mbili juu ya hapo. Kwa nini upoteze betri kwenye nguvu yote wakati ISO ni bure? Kwenye 1/16 flashi inakuwa tayari karibu papo hapo, na seti moja ya AA inaweza kukuvusha sherehe.

Umbali ndio unaowaangusha watu. Flashi ikienda mbali mara mbili, mwanga unaobaki ni robo. Kijana anayeshika stendi akirudi nyuma hatua mbili kumpisha mama mwenye sinia la keki, picha zako zote zinazofuata ni giza, na utaanza kuilaumu redio. Funga kamba ya pamba shingoni mwa stendi, piga fundo kwenye mita 2 na jingine kwenye mita 3. Kabla ya picha za pozi, kijana avute kamba hadi fundo lifike begani mwa bibi arusi, kisha aiachie. Wageni watacheka mara ya kwanza. Nguvu moja kwa mita 2, nyingine kwa mita 3. Ziandike kwenye kipande cha plasta mgongoni mwa flashi.

Ngozi nyeusi inapenda mwanga mkubwa ulio karibu. Flashi tupu ni chanzo kidogo, hivyo inaacha nukta nyeupe kali kwenye paji na mashavu. Mwavuli wa sentimita 100 ukisogezwa hadi karibu na uso, nje tu ya fremu, nukta zilezile zinatandazika na kuwa mng'ao laini unaochora mfupa wa shavu. Usijaribu kuuondoa mng'ao wote kwa kupaka poda hadi mtu awe kijivu. Futa jasho kwa kitambaa, basi. Na usimwongezee mwanga kupita kiasi kwa kudhani ngozi nyeusi lazima "iangazwe". Weka mwanga pembeni, ngozi itabaki na rangi yake na picha itakuwa na kina.

Balbu za manjano zinapigana na flashi, ambayo mwanga wake ni mweupe kama wa mchana. Bandika karatasi ya plastiki ya rangi ya chungwa mbele ya flashi, zile zinazouzwa kwa kazi hiyo, halafu weka kamera kwenye alama ya balbu. Watu na nyuma yao watakuwa rangi moja. Kama taa za ukumbi ni LED nyeupe, acha bila karatasi.

Kanisani, muulize padri au mchungaji kabla ya siku yenyewe ni wakati gani flashi inaruhusiwa, na uheshimu jibu. Msikitini hivyohivyo kwa imamu. Stendi isisimame kwenye njia ya maandamano.

Mtoni

Kila wanandoa wanataka picha ya Lualaba, na hapa jiografia inakuamulia. Sehemu kubwa ya mji iko ukingo wa magharibi. Alunguli iko mashariki. Ukisimama upande wa mjini na kuutazama mto, unatazama jua linapochomoza. Machweo juu ya maji utayapata ukivuka kwenda Alunguli na kugeuka kuutazama mji. Wateja wengi hawalijui hilo hadi wamefika ukingoni na jua liko mgongoni mwao, nyuma ya nyumba. Kama hawataki kuvuka kwa mtumbwi au kivuko wakiwa na gauni, wape picha ya asubuhi.

Kindu iko karibu digrii 3 kusini mwa ikweta, hivyo jua halilali kitandani polepole, linadondoka. Linazama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, na baada ya hapo una kama dakika 20 za rangi angani. Kila kitu kiwe kimesimama kabla. Pima anga kwanza bila flashi: ISO 200, 1/160, f/5.6, kisha rekebisha ISO au tundu hadi anga liwe jeusi kidogo kuliko unavyoliona. Wanandoa watakuwa vivuli vitupu. Washa triga, flashi kwa mwavuli mita 2, nguvu 1/4. Anga linavyozidi kufifia, punguza kasi ya shata: 1/125, 1/80, 1/50. Uso hautabadilika, kwa sababu flashi haiguswi na shata, na anga litabaki hai.

Upepo wa mtoni utaangusha mwavuli. Ning'iniza mfuko wa mchanga kwenye stendi, mchanga upo palepale. Kwenye mtumbwi vifaa vikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.

Saa sita mchana ni habari nyingine. Katikati ya Machi, na tena mwisho wa Septemba kuingia Oktoba, jua la adhuhuri linapita juu kabisa ya kichwa, na macho ya watu yanakuwa mashimo mawili. Flashi ndogo inaweza kuyajaza ukiwa 1/200, ISO 100, f/11, lakini utahitaji nguvu yote, bila mwavuli, mita 2 au chini. Inawezekana kwa picha chache. Kwa familia ya watu ishirini, tafuta kivuli.

Bandari, stesheni ya reli na uwanja wa ndege si mahali pa kusimamisha stendi bila ruhusa. Kamera peke yake huleta maswali. Kamera yenye kijisanduku cha redio na kitu kinachomweka pembeni huleta maswali marefu. Anza na mkuu wa mtaa, pata karatasi.

Ikigoma

Flashi isipowaka, usianze kwa kubadili kila kitu. Fuata njia ambayo ishara inapita. Triga imesukumwa hadi mwisho wa reli na kufungwa? Nusu milimita inatosha kuikosesha pini. Betri ya triga iko sawa? RF-603 zinatumia AAA mbili, na watu hukumbuka za flashi tu. Chaneli, kundi, ID? Flashi imelala? Nyingi hujizima zisipotumiwa kwa muda. Ingia kwenye mipangilio uzime usingizi huo kabla ya sherehe.

Kama inafyatuka mara moja, inakosa mara mbili, kuna mambo mawili ya kujaribu. Wewe na flashi mmekaribiana mno: Godox XPro ina mpangilio wa umbali, 0–30 m au 1–100 m, na kwa kazi ya chumbani weka ule wa kwanza. Au kuna msongamano wa mawimbi, simu za wageni zinagawana intaneti na spika zinacheza kwa Bluetooth. Ruka hadi chaneli iliyo mbali, kwa mfano kutoka 1 hadi 20.

Ikiwaka vizuri kisha ikakataa kabisa katikati ya muziki, iguse kichwani. Imepata moto. Flashi zina kinga ya joto, na baada ya picha nyingi za nguvu yote mfululizo hujifunga zenyewe. Iache ipoe, na ukirudi shusha nguvu, pandisha ISO.

Flashi iliyokufa usiifungue kwa bisibisi. Kapasita yake hushika karibu volti 300 hata betri zikiwa zimetolewa, na mshtuko wake si wa kuchezea. Mpelekee fundi anayejua kuitoa chaji.

Adui mkubwa wa vifaa hivi hapa ni unyevu. Vyuma vya betri vinaota ukungu wa kijani, pini za triga zinafifia, na hapo ndipo redio "inakufa". Toa betri kila baada ya kazi, hata kama kesho kuna nyingine. Sugua vyuma na pini kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu, na uhifadhi kila kitu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na simu. Mchele uache jikoni; vumbi lake linaingia kwenye lenzi. Vipakiti vikilowa, weka vingine vikavu.